Kengele ya Dakika Tano

Miaka minne nimeishika kengele hii
ya shaba, ya mapokezi ya hoteli iliyokufa;
niliinunua mnadani Brno kwa bei ya supu.
Kazi yangu ndogo: dakika ya tano ikitimia
nagonga. Ting.
Na aliye jukwaani, hata neno likiwa nusu mdomoni,
hupigiwa makofi, hushuka.

Hotuba za umeme, ndivyo tunavyoziita.
Mtu yeyote, jambo lolote,
slaidi tatu au mikono mitupu.
*Mtu yeyote*: tuliandika kwa kalamu nene,
tukabandika karatasi kando ya mashine ya kahawa
saa mbili kamili asubuhi,
na saa mbili na dakika kumi ilikuwa imejaa
majina yale yale ya mwaka jana,
ya waliolala hoteli ya ng'ambo ya barabara.
Wa treni ya Ostrava waliingia saa tatu
wakakuta kilichobaki ni pambizo.

Zdislava aliandika pambizoni.
Mwaka wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.
Zamu yake ilipofika, saa kumi na mbili jioni,
nililisoma jina lake kwenye kipaza sauti:
Zdislava Vránová?
Viti vikatazamana.
"Asiyekuwepo na lake halipo," nikasema,
ukumbi ukacheka, nami nikacheka nao,
nikaita anayefuata.

Sikujua kwamba chekechea ya Židenice
hufungwa saa kumi na moja,
na kuchelewa hulipiwa faini
na uso wa mwalimu aliyekwisha kuvaa koti.

Sikujua, ingawa nilikuwa nikiona,
kwamba Bohumila, mkalimani wa ishara,
amelipwa hadi saa hiyo hiyo.
Bajeti ilikomea hapo;
mikono yake ikaingia kwenye glavu,
na Radovan, aliyekuwa akiisikiliza siku nzima,
akabaki kutazama vinywa na bia.

Karatasi niliipata nikifagia.
Sijui kwa nini sikuitupa.
Nilipiga mstari juu ya kila aliyesema,
na waliobaki wazi
wote walikuwa pambizoni.

Kwenye kikao, jikoni kwa Kvido, niliiweka mezani
katikati ya sufuria na kikapu cha mkate.
Kvido akasema: jioni ndiyo yenye raha yake.
Akasema: chakula cha mchana kikishuka, watasinzia.
Akasema: mbona hawakulalamika?
Hakuna aliyemjibu. Friji ilinguruma kidogo, ikanyamaza.
Akakubali shingo upande.

Basi mwaka huu ni saa saba u nusu.
Majina yako kwenye bakuli la saladi,
nusu ya vikaratasi ni vya wale
ambao kengele yangu haijawahi kuwagongea.
Na ndiyo, wawili walisinzia, mmoja wao Kvido.

Zdislava alisimama bila slaidi.
Alieleza hitilafu moja ya saa:
kila majira yanapobadilika na saa kusogezwa,
programu ya wodi moja ilikuwa ikimeza saa nzima ya dawa.
Dawa ya saa nane, saa nane yenyewe haipo.
Kiraka chake ni mistari kumi na mmoja.
Anacho, alisema, tangu mwaka ule wa kwanza.

Mzee mmoja kutoka Olomouc akainuka kitini,
akaketi, akainuka tena.
"Sisi tunaitumia programu hiyo," akasema.
"Tunaitumia mpaka leo."

Niligonga. Dakika tano ni dakika tano.
Radovan akainua mikono, akaitikisa hewani
kama wapigavyo makofi viziwi,
safu ya mbele ikamfuata, kisha ukumbi mzima,
nami kwa mara ya kwanza nikaisikia shaba yangu
ikilia mpaka mwisho wa mlio wake.

Nyuma ya ukuta wapishi walikuwa wakiosha sahani.
Mmoja wao, niliambiwa baadaye, huandika programu usiku.
Bakuli halikumfikia.

Zdislava alitazama saa ya ukutani:
saa nane kasorobo.
"Kumbe bado mapema," akasema,
akaenda kutafuta kahawa.