Herufi Iliyokosa Ubao

Babu yangu Jory ndiye aliyepaka jina la stesheni
mwaka ilipofika reli, ngazi ameisimamisha kando ya pipa la lami,
na ubao ukamwishia jina halijesha.
Alipewa herufi tisa. Nane zikaenea.
Ya tisa, ile W isiyosikika mdomoni,
ikabaki hewani, kwenye nzi na mikaratusi.

PENHALLO, ukasema ubao. Basi.

Mzee Penhallow, aliyetoa shamba lake bure
kwa sharti moja tu, jina liandikwe kamili,
akapeleka barua Adelaide. Ya pili. Ya tatu kwa wino mwekundu.
Akajibiwa: mbao ni ghali, jina lasomeka,
na treni, mheshimiwa, haijapotea njia.

Mazoea yana taabu, na hii ikajengewa posta.
Bucha likanakili stesheni, shule ikanakili bucha,
timu ya kriketi ikashona herufi nane vifuani.
Makaburini tu, upande wa akina Penhallow,
W ingalipo, imechongwa kwa kina cha hasira.

Utotoni nilicheka. Siku hizi sicheki sana.
Maktaba wana daftari la mpima ardhi, ndani ya kioo:
"Kijito. Hakina jina." Kalamu haikusita.
Mstari wa chini yake, tarehe ileile:
"Moshi wa mioto sita. Wanawake wanaitana."
Waitane waje wapi, pasipo na jina?

Wiki jana mafundi walifungua skrubu.
Nyuma ya ubao, kwa penseli, mkono wa babu:
jina lote, tisa kamili,
amelipima, amelifuta, amelipima tena.
Nililipima na mimi kwa rula ya jikoni.
Lilienea.

Babu alimkatia Penhallow manyoya ya kondoo misimu miwili.
Ujira wa msimu wa kwanza alinunulia viatu.
Wa pili sikuwahi kusikia ukitajwa nyumbani.

Ubao mpya bado. Baraza linangoja
vitukuu vya wale wanawake wakubaliane
kama watatuambia, au watuache tusubiri kidogo.
Ni haki yao.

Leo asubuhi ukuta ulikuwa na matundu manne tu.
Treni ya saa moja na dakika sita
ilisimama vilevile. Nikapanda.