Kikwangulio

Gari lilifika Nkuhungu mwezi wa saba,
mkono wa pili, labda wa tatu,
bado lina harufu ya watu nisiowajua.
Kwenye buti, ndani ya kifuko cha mahameli,
nikakuta kitu.

Mpini wa mti mweusi, laini kama goti la mtoto mchanga,
ulimi wa shaba ya manjano,
kitanzi cha ngozi, na jina la mtengenezaji
kwa herufi ndogo za dhahabu,
za mtu asiye na haja ya kupiga kelele.

Mama Sechelela alisema ni cha kukatia keki ya harusi.
Mpangaji wa chumba cha uani: ni mwiko wa plasta,
"ila wa fundi anayejipenda."
Nikampelekea Chidawali, mziba pancha wa njia ya Veyula.
Akakigeuza mara mbili, akakinusa.
"Cha kukwangulia barafu kwenye kioo."
Barafu gani, nikamuuliza, ya kwenye soda?
"Kwa wenzetu gari huamka limevaa shuka gumu, jeupe.
Usipokwangua, huoni njia."

Julai yetu tunaijua:
upepo wake hukwangua watu, si vioo.
Walinzi wa usiku huvaa makoti mawili,
midomo hupasuka, maziwa hukawia kuganda.
Lakini sakitu, hapana.
Kinacholala kwenye kioo ni vumbi jekundu,
na masika, tope la Bahi likishakauka,
ni tofali.

Nikangoja Machi.
Nilikishika kwa adabu, vidole vitatu, kama kikombe cha ukweni.
Shaba ikateleza, ikapiga mluzi, ikaacha kwenye kioo
mstari mwembamba kama ufa wa kisigino,
upo hadi leo, upande wa dereva,
jua la jioni huusoma kila siku.
Ngozi ikanywa maji, ikavimba.

Chidawali hakucheka. Alitoa mfukoni
kipande cha dumu la mafuta ya kula, la njano,
alichokikata mwenyewe kwa kisu,
ukingo umelika upande mmoja kama jino la mla miwa.
Akakwangua mara tano. Kioo kikafumbua jicho.
"Hiki," akasema, "nikikipoteza sikitafuti."

Basi cha shaba nikakitundika sebuleni, karibu na kalenda.
Wageni hukishika, hukipima uzito, hushusha sauti.
Kina kazi hiyo: kushusha sauti za watu.
Wala sikidharau. Nami siku ya harusi yangu
nilivaa viatu vya kung'aa vilivyomaliza akiba ya miezi minne,
nikacheza peku.

Hadi juzi.
Natafuta sarafu chini ya kiti,
vidole vikagusa plastiki:
kifuniko cha kaseti, kimevunjika kona,
ukingo mmoja umelika, umepauka,
una mikwaruzo midogo midogo isiyohesabika.
Nikakaa nacho mlango ukiwa wazi, mguu mmoja nje.
Kisha nikaingia ndani kukitazama tena kile cha ukutani:
ulimi wake, ukiondoa lile kosa langu moja,
haukuwa na alama hata ya ukucha.

Kumbe hata kule.
Kumbe hata yeye, gizani, amechelewa kazini,
pumzi inamtoka kama moshi wa mkaa mbichi,
alikitazama kile kizuri ndani ya mahameli,
akasema, kitalowa,
akachukua kaseti.

Kile kifuniko nimempa Chidawali.
Amekipima na kipande chake cha dumu, ukingo kwa ukingo,
amefumba jicho moja kama anayelenga.
"Huyu alitumia mkono wa kushoto," akasema,
akakitia mfukoni,
akarudi kwenye tairi la watu.