Moja ya Sitini

Leo tena tumeivuta meza ya tenisi
kutoka chini ya mipira ya maji ya kikosi cha zimamoto,
tukaitandika blanketi la kijani, vitabu chini yake
vikawa vilima. Chlum ni kamusi mbili na kitabu cha mapishi.
Msitu wa Svíb ni madodoki niliyoyachovya rangi
jikoni kwangu, hata sufuria ikatema kijani wiki nzima.

Nje mvua. Oldřich anafurahi: "Ndivyo ilivyokuwa,
tarehe tatu Julai, mvua na ukungu,"
utadhani aliiagiza yeye.
Ana futi ya fundi cherehani shingoni
na daftari la sheria lililokazwa kwa mpira wa mtungi.

Vratislav ni Mprusi. Miaka thelathini na minne aliendesha treni,
na bado anavisogeza vikosi kama mabehewa,
bila haraka, bila kuchelewa.
Mimi nimepewa Waustria kwa sababu Bohdan yuko hospitali,
na kwa sababu ni mimi niliyewapaka rangi.
Mwaka mzima, kwa brashi ya nywele tatu:
koti, kifungo, jicho.
Jicho ndilo gumu. Mkono ukitetemeka
mtu anazaliwa na kengeza
na atakwenda vitani hivyo hivyo.

Sheria ya kwanza: mmoja ni watu sitini.
Askari wa risasi, mfupi kuliko kidole changu cha mwisho,
amebeba roho sitini juu ya kitako cha kadibodi.

Sasa sikilizeni shida yangu.
Babu wa babu yangu, Hynek, mfumaji kitani,
aliingia msitu huu na batalioni yake, hakutoka.
Kwa hiyo yumo, ndani ya hawa kumi na tano
niliowapanga ukingoni mwa madodoki.
Lakini ni yupi? Na kwa mgawanyo gani?
Sehemu moja ya sitini ya mtu wa risasi:
labda ukucha tu. Labda kifungo cha tatu.
Labda lile jicho.

"Zamu yako," asema Vratislav.
Siingizi mtu msituni. Wakae pale, wanyeshewe.
Oldřich anafunua daftari, analamba kidole:
"Jenerali wako ana kichwa kigumu. Tupa dadu.
Nne kwenda juu, anakutii. Chini ya hapo, anaingia."
Dadu ikabingirika, ikagonga mnara wa kanisa,
ikasimama.
Mbili.

Basi wakaingia.
Niliwasogeza mwenyewe, kwa vidole hivi,
sentimita saba, maana msitu hupunguza mwendo nusu.
Ng'ambo, bunduki za sindano:
wale hujaza risasi wamelala, wangu wamesimama
wakishindilia baruti kwa mdeki, kama mtu atwangaye
huku nyumba inaungua.
Vratislav akatupa dadu kiganja kizima.
Hakufurahi, wala hakuomba radhi. Alihesabu tu:
"Kumi na mmoja."

Kumi na mmoja mara sitini. Niliacha kuzidisha.
Nikawatoa mmoja mmoja, nikawalaza
kwenye kifuniko cha boksi la viatu,
viatu vya harusi ya dada yangu, namba thelathini na nane.
Chai ikaletwa, na keki ya plamu. Makombo yakaanguka mtoni.
Mke wa zimamoto akauliza nani anashinda.
"Bado mapema," akasema Oldřich.

Alasiri Waprusi wengine wakapanda Chlum,
wakasimama juu ya kitabu cha mapishi, nyuma ya mizinga yangu.
Nilijua watakuja. Nimesoma, nimeonyeshwa makaburi,
nimeishi kilomita mbili kutoka pale tangu nizaliwe.
Hata hivyo sikuwaona.

Jioni tukakunja blanketi.
Pamba iliyokuwa moshi tukaifungia askari, wasikwaruzane.
Kumi na tano walitoka boksini,
kumi na wanne wakarudi.
Oldřich atahesabu Jumanne.
Vratislav aliuona mkono wangu ukiingia mfukoni,
akainama chini ya meza kutafuta miwani yake,
akatafuta muda mrefu,
nayo iko usoni.