Herufi Iliyohama

Nilikuwa juu ya ngazi, brashi imelowa rangi nyekundu,
dirisha la baa ya Casilda, mjini Zafra, saa tano asubuhi.
Nimeandika herufi mbili tu, KO,
Mwalimu Eutimio akapita na mkate kwapani.

"R inatangulia," akasema. "Kroketa. Futa."

Casilda akatoka, unga hadi viwikoni.
"Miaka thelathini na moja nakaanga kokreta.
Hajaja mtu na pesa yake akaitaka hiyo nyingine."

"Wakikosea wengi, ni makosa mengi," akasema mwalimu.

Nilinyamaza. Mimi hulipwa kwa herufi, si kwa usahihi.

Mama yangu naye alisema kokreta.
Nina miaka minane, nimetoka darasani kwa huyu huyu mwalimu,
vidole bado vinawaka rula,
nikamsahihisha mama mbele ya wageni.
Akajaribu. Akalitamka polepole,
kama mtu apitaye pekupeku juu ya kokoto.
Tangu siku ile akaviita "vile vya unga,"
mpaka tukamzika.

Usiku nikafungua kamusi.
Nilimtafuta popo, nikakuta jina lake la leo limepinduka:
mkulima anayechekwa sokoni kwa kulikosea
analitamka kama babu wa babu yake.
Nikageuza kurasa. *Palabra*,
neno ambalo maana yake ni neno:
wa kale walisema *parabola*,
ndimi zikajikwaa pale pale, kizazi baada ya kizazi,
R na L zikabadilishana viti,
na hakuna aliyezirudisha.

Kesho yake nikamwambia mwalimu, nikitweta, kama nimeokota pochi.

"Najua," akasema.
"Hilo lilichukua mamia ya miaka.
Casilda apange foleni."

Nikapaka alivyotaka mwenye dirisha.
R ilichuruzika kidogo, sikuifuta.

Mwalimu huja kila Alhamisi.
Hukaa pembeni, kofia juu ya goti,
Casilda humsimamia na daftari,
anamngoja aseme, anamngoja kwa makusudi,
baa nzima inapunguza sauti.
Naye hunyoosha kidole kwenye kioo cha kaunta.
Vile. Sita.

Huvila vikiwa vya moto mno.
Kila Alhamisi anaunguza ulimi.