Umbali wa Sauti

Kibandani kwa Ojara, mtaa wa Cereleno, Gulu,
tunacheza wanne kwa wanne, mia tano kwa raundi.
Helikopta ya adui imekwisha nifika kisogoni
ndipo naisikia: vuvuvu, kama feni ya saluni.
Nimekufa mara ya tatu.

“Mchezo mwongo huu!” nikafoka.
“Dude zima lile, lisisikike hata ng'ambo ya mto?”

Lamwaka, anayekaanga muhogo mlangoni,
hakugeuza shingo.
“Ya kweli huanzia miguuni,” alisema.
“Sufuria hutetema mafigani. Kuku huacha kudonoa.
Upepo ukigeuka, kimya,
unadhani imekwenda zake.
Haijaenda.
Hesabu hadi sitini, ndipo utaiona.”

Akapindua kipande kimoja. Kingine.

Ojara akaingia kwenye mipangilio,
akavuta sauti za mbali hadi mwisho.
Raundi mpya. Nikasikia mvumo mwembamba
nyuma ya milima ambayo mchezo haukuichora,
nikawahi chini ya daraja.

Nilipoinua kichwa kushangilia
muhogo ulikuwa unaungua
na mlangoni hapakuwa na mtu.