Kituo Kisichopitiwa na Basi

Kile kibanda cha basi pale ufukweni
kilijengwa na mafundi wa tamthilia kwa siku mbili:
mbao, rangi ya samawati, bati la kuazima,
na namba ya basi ambalo halijawahi kuwashwa.
Hapo ndipo yule kijana wa kwenye skrini
alipomfunga mpenziwe skafu, akaondoka.
Machozi mawili. Sekunde arobaini.
Kisha walimwengu wakaja.

Maeng Ok-bun, miaka sabini na minne,
hajaitazama hata sehemu moja.
Huchoma ngisi wakavu kando ya kibanda,
upepo wa Januari ukimng'ata masikio.
Wageni anawajua kwa wanavyotafuna:
wa Manila hucheka kwanza,
wa Lima huulizia pilipili,
na binti mmoja wa Almaty alikaa kwenye benchi la uongo
akalia machozi ya kweli,
akanunua ngisi watatu, asile hata mmoja.

"Wanalia nini?" alimuuliza mjukuu wake, Do-gyeom.
"Wanalilia pale walipoagana."
"Babu yako aliniaga hapahapa,
akaenda Jeddah kujenga barabara,
akarudi ndani ya sanduku.
Hakuna aliyeleta kamera."

Sikatai, ngisi wamemlipia Do-gyeom ada ya chuo.
Lakini kodi ya meza imepanda mara tatu.
Bwana Tak, mwenye kiwanja,
amejifunza kusema *karibu* kwa lugha tano
na *lipa* kwa moja tu.
Duka la nyavu sasa ni mkahawa,
uso wa yule kijana umechorwa juu ya povu la kahawa,
kikombe kimoja, bei ya ngisi wawili na nusu.
Huko Seoul wanauhesabu mji huu
kwenye jedwali la mauzo ya nje,
kati ya vipodozi na tambi za pakiti.

Basi la kweli, namba kumi na saba,
lile la hospitali,
lilifutwa Machi. Abiria wachache, walisema.

Basi Alhamisi, siku yake ya kupimwa presha,
Ok-bun huketi kwenye kibanda cha samawati
kumngoja Do-gyeom na pikipiki.
"Samahani, bibi, sogea kidogo.
Unaingia kwenye picha."

Akasogea. Si sana.
Kiatu chake cha mpira, cha zambarau,
kiko Lima sasa, kiko Manila, kiko Almaty,
pembeni kabisa, chini kushoto,
kinangoja.