Hesabu ya Mikate

Mwaka wa kwanza nilitia saini paliposema HAKUNA.
Fomu ilikuwa na vidirisha vya kutia alama
na kalamu yangu ilikuwa nzuri.
Nikateremka milima ya Ordu kabla ya mvua,
nikala dagaa wa Bahari Nyeusi, nikalala fofofo.

Mwaka wa pili nilikwenda bila kupiga simu.

Findiki hustawi penye mteremko mkali.
Mchumaji hujifunga kamba kiunoni asiporomoke
kwa ajili ya kokwa ya kahawia, ukubwa wa gololi,
itakayolala ndani ya chokoleti,
nayo chokoleti ilale ndani ya karatasi ya dhahabu
yenye picha ya mtoto anayecheka.
Mtoto wa picha hana kucha nyeusi.

Mnyapara Hikmet alinilaki kwa chai,
glasi nyembamba, sukari vidonge viwili.
Daftari lake safi: watu ishirini na wanane,
wote watu wazima, wote wametoka Urfa
kwa hiari yao, alisema, mkono kifuani.
Kambi ilikuwa kimya,
kimya cha mahali palipofagiliwa upesi.
Kwenye kamba ya nguo, nguo kubwa zilipepea;
kando yake, vibanio vimebana upepo mtupu.

Sikuuliza habari za watoto.
Nilikwenda kwa Hezal, aliyeoka juu ya bati,
nikageuza ndoo nikaikalia.
Mama, kwa siku unaoka mingapi?
"Mmoja kwa kila mdomo," akasema, macho kwenye moto.
"Arubaini na mmoja."
Kisha mkono wake ukasita juu ya unga.
Hikmet akakohoa.

Arubaini na moja, toa ishirini na nane.
Hesabu ya darasa la pili.
Mkate haukuagizwa la kusema.

Magharibi wakapanda kutoka kijitoni walikofichwa,
kumi na watatu, miguu imelowa,
na Zozan wa miaka kumi na mmoja akanijia,
akaongea nami kama mwenye duka:
"Ukituandika, tutafukuzwa.
Tukifukuzwa, makaa ya Januari atayalipa nani?"

Makaa. Basi kumbe ndiyo hayo.
Theluji ikianguka Urfa, mnyapara hugawa unga na makaa,
baba akabonyeza gumba kwenye wino wa bluu,
na gumba hilo moja huweka rehani
vidole vyote vya nyumba yake,
hata vile ambavyo bado havijui kufunga kifungo.

Usiku huo niliandika kwa mwanga wa simu:
Msiwafukuze. Futeni deni la majira ya baridi.
Pandisheni bei ya kilo, baba atoshe peke yake.
Leteni mwalimu kambini, si bango.
Njia ya findiki kutoka mlimani hadi dukani
kampuni huiita mnyororo.
Neno hilo sikulibadilisha.
Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jibu lilifika baada ya wiki tano:
Asante. Tafadhali fupisha, ukurasa mmoja.
Nikafupisha kuliko walivyotaka:
Mikate 41. Majina 28.
Nasikia mstari huo ulizunguka ofisini
kama nzi aliyefungiwa chumbani na wageni.

Mwaka huu kuna hema jeupe.
Mwalimu Rojhat, ndevu ndiyo kwanza zinaota,
anafundisha sehemu kwa kumenya findiki:
nusu, robo, na thumuni anaila mwenyewe
watoto wacheke.
Nimewahesabu. Tisa.
Deni limefutwa kwa familia sita; ya saba na ya nane
"zinashughulikiwa."

Hezal bado yuko kwenye bati lake.
Mingapi, mama?
"Arubaini na mmoja."
Daftarini ishirini na wanane, hemani tisa.
Na Zozan?
Ameugeuza mkate, ambao upande wa pili
haukuwa umeiva.

Fomu ina kidirisha cha NDIYO na kidirisha cha HAPANA.
Nimeiacha juu ya ndoo, jiwe juu yake,
nimeomba kamba, nimejifunga kiunoni.
Wanne.
Napanda.